Mgema Anayedaiwa

Mvua haijakoma tangu Jumanne.
Katika kanisa lililoacha kusali,
pale palipokuwa na mimbari, limesimama tangi namba tatu,
na Eirlys, koti la sufu juu ya nguo za kulalia,
anafungua bomba dogo la ubavuni,
anakinga bia ya kimo cha kidole,
ananusa.

Siagi.

Si siagi ya mkate, si ya sikukuu.
Ni ile ijayo bila mwaliko
ikakaa ulimini kama mgeni asiyejua kuaga.
Ananusa tena, maana pua nayo husingizia.
Anateremka hadi chumba kilichotunza vitabu vya tenzi,
anaweka tone chini ya hadubini ya mtumba
(lenzi moja ina ufa, nyingine inatosha),
na hao hapo: wanne wanne, wameshikana
kama vioo vya dirisha dogo
la nyumba ambayo hukuijenga wewe.

Gethin anaingia saa mbili, mkate kwapani.
Anausoma uso wa Eirlys
kama asomavyo barua za benki, mstari wa mwisho kwanza.
"Kiasi gani?"
"Tangi zima. Lita elfu mbili."
"Nani atajua? Kopo likitoka kwenye barafu..."
"Mimi nitajua."
"Wewe hununui."

Wahenga walimwonya mgema anayesifiwa.
Mgema anayedaiwa hawakumtungia neno.
Hawakumwona huyu, mwenye deni la kimea la siku tisini,
na gesi iliyopanda mara mbili tangu majani yachipue,
na baa ya Porthmadog iliyofunga usiku
ikaondoka na mapipa yake kumi na moja,
na duka kubwa litakalo bia kwa bei ya maji
na asante juu yake.

Na chanzo? Mpira wa vali,
mdogo kama pete ya kidole gumba, umepasuka.
Mwezi wa pili Eirlys aliandika daftarini: *ubadilishwe, paundi kumi na nne.*
Gethin akaandika pembeni: *mwezi ujao.*
Mwezi wa tatu: *mwezi ujao.*
Mwezi wa nne ukurasa una doa la chai tu.
Ufa waliuona. Sasa wanautazama ukuta.

Lebo zimeshachapwa, elfu sita, za manjano:
HEULWEN, jina la mama yake,
ambalo kwa lugha yao ni mwanga wa jua,
kitu ambacho mji huu wa machimbo hukisikia kwa majirani.
Mama alikufa kabla ya pipa la kwanza.
Ukutani, kwenye ubao wa mwaloni
ambao hakuna aliyethubutu kuung'oa,
babu yake Gethin bado ameandikwa kwa dhahabu
miongoni mwa walioapa kutogusa kileo.

Chini ya ubao huo wanatafuna mkate mkavu.
Kisha Gethin anajaza glasi, anainywa yote,
polepole, kama mtu anayemsikiliza jirani akimsema vibaya
na kukuta ni kweli.
"Hii," anasema, "haiitwi mama."

Hata kumwaga kuna ada.
Kampuni ya maji hutoza kila lita ishukayo mtaroni;
bia mbaya hulipiwa kuzaliwa, ikalipiwa na kuzikwa.
Anazungusha gurudumu la vali.
Povu linapita kati ya miguu ya viti vya waumini,
jeupe, zuri kuliko lolote walilowahi kupika,
na kanisa zima linanukia jiko la mtu aokaye keki.

Eirlys hatazami. Anarudisha lebo sandukuni,
rundo kwa rundo, anazifunika kwa taulo kavu.
Daftarini: *87. Imemwagwa.* Kwenye safu ya sababu
kalamu inasimama, halafu inaandika: *sisi.*

Saa sita posta inaleta bahasha mbili.
Moja ni nyembamba, ina nembo ya benki.
Ya pili ina kitu cha duara ndani,
Eirlys alikiagiza juma lililopita kwa pesa yake
na hakusema.

Wanaanza na ya pili.